Kujikuta: mazungumzo kuhusu wimbo wa mtu aliyetulia

(Mazungumzo haya niliyatoa mbele ya walimu wenzangu wa Kiswahili na wanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Sehemu nilizojirudia nimeziacha zilivyo, kwa sababu mada yenyewe inaruhusu.)

Walimu wenzangu, wanangu wa kidato cha sita, na nyinyi wa viti vya nyuma mliofuata harufu ya maandazi: karibuni.

Nikiingia leo nimesalimiana na watu wanne, na wote nimewauliza habari za siku nyingi. Wa kwanza kasema "tupo". Wa pili kasema "tunasukuma siku". Mwalimu wa Hisabati kanijibu "ni yale yale". Mlinzi wa getini, ambaye alikuwa amekalia kile kiti kabla mimi sijaajiriwa, kasema, "Kama ulivyotuacha, mwalimu." Watu wanne, na hakuna aliyenipa habari hata moja. Wala sikuudhika. Wangeniuliza mimi ningejibu hivyo hivyo.

Upo wimbo wa dakika chache ambao umejengwa juu ya majibu hayo manne, na ndio nimekuja nao. Ni wa bendi ya New York iitwayo Talking Heads, unaitwa Once in a Lifetime, yaani mara moja tu maishani. Ulitoka mwaka 1980 kwenye albamu yao Remain in Light, waliyoianza kurekodi Nassau, kule visiwa vya Bahamas. Anayeongoza sauti ni David Byrne, mzaliwa wa Uskoti aliyekulia Marekani. Uingereza ulipanda hadi nafasi ya 14. Marekani kwenyewe, ulipotoka, haukuingia hata kwenye nyimbo 100 za juu.

Najua mnachotaka kuniuliza. Morogoro hii, mji wa mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, mwalimu anatuletea New York? Subirini kidogo. Wimbo utarudi Afrika kabla chai haijapoa.

Kwa wasioujua, mambo yanakwenda hivi. Kuna mtu anaongea zaidi ya anavyoimba. Anamwambia mwenzake kwamba siku moja huenda akajikuta mahali: mara kibandani, mara pembe nyingine ya dunia, mara nyuma ya usukani wa gari kubwa, mara kwenye nyumba nzuri na mke mzuri. Hapo atajiuliza amefikaje. Baadaye maswali yanazidi na sauti inapanda. Nyumba inakanwa, mke anakanwa, na mtu anamwita Mungu wake. Katikati kinaingia kibwagizo cha sauti nyingi, kinataja siku zinazoachwa zipite, na maji, maji mengi, hadi yale yanayopita chini ya ardhi. Na kuna maneno yanayorudiwa kama nyundo, ambayo mlinzi wetu angeyatafsiri bila kamusi: ni yale yale, siku zote ni yale yale.

Mwaka jana niliwapa kidato cha tano waufasiri. Tukakwama mwanzoni kabisa. Mmoja aliandika "unaweza kujiona", mwingine "unaweza kujipata". Wenzetu Wakenya husema hivyo, "nilijipata niko Nakuru", na sina ugomvi nao. Ila binti mmoja wa dirishani akasema, "Mwalimu, si kujikuta?" Na darasa zima likatulia, kwa sababu ndilo.

Tazameni neno hili. Kupata ni kwa mtu aliyetafuta. Kuona ni kwa mwenye macho. Lakini kukuta kunadai kwamba kitu kilikuwepo kabla hujafika. Nikisema nimemkuta anakula, maana yake kula kulianza bila mimi. Sasa nikisema "nimejikuta nimeoa", hesabuni watu: kuna mimi niliyetangulia, nikaoa, nikazaa, nikapanga viti sebuleni, na kuna mimi mwingine aliyechelewa, amefika jioni, anabisha hodi kwake mwenyewe. Lugha yetu imeliweka hilo ndani ya neno moja na tunalitumia kila siku bila kushtuka. "Nilijikuta mwalimu." Wangapi humu? Teremsheni mikono, mkuu wa shule asije akaona.

Byrne mwenyewe amewahi kueleza kwamba watu wengi huishi kama waliolala nusu, halafu wakashtukia wana nyumba, familia na kazi, bila kuwahi kusimama na kuuliza vimekujaje. Maelezo ni mazuri, ila msianze nayo. Mwenye wimbo akishaeleza, msikilizaji huacha kusikiliza.

Tuanze na swali ambalo nyinyi mnaulizwa kwenye mtihani na mnalijibu kwa haraka: nafsineni, yaani yule anayesema ndani ya wimbo, ni nani?

Wengi husikia wimbo huu kama malalamiko ya mzee mwenye nyumba aliyechoka na maisha. Byrne mwaka 1980 alikuwa na umri wa miaka 28, na alikuwa hajaoa. Kipindi hicho yeye na Brian Eno, mtayarishaji wa albamu, walikuwa wakinasa sauti za redioni, zikiwemo za wahubiri, na kuzitia kwenye muziki. Mwendo wa maneno ya wimbo huu umetoka huko. Anayeongea ni mhubiri.

Na nyinyi mhubiri huyu mnamjua. Basi limetoka Msamvu, halijafika Mikese, anasimama mtu katikati ya viti, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. "Ndugu abiria, huenda wewe uliyekaa dirishani una nyumba. Huenda una gari umeliacha nyumbani. Huenda una mke mzuri." Watu wanajifanya wamelala. Itazameni video ya wimbo huu mtamwona: suti, tai ya kipepeo, miwani, jasho linamtiririka, anapitisha kiganja juu ya mkono wake kama anayekatakata mchicha. Alicheza hivyo baada ya kutazama picha za wahubiri na watu waliopandwa na jazba ibadani.

Lakini mhubiri wa basi ana kitu ambacho huyu hana. Baada ya maswali huja wito, na baada ya wito, tukikaribia Chalinze, huja mfuko wa sadaka. Wa kwenye wimbo anauliza, anauliza, anauliza, halafu hatoi wito wowote. Mahali pa wito anaweka maji. Ndiyo maana nilisikitika niliposahihisha. Karatasi ishirini na kitu ziliandika: "Ujumbe wa wimbo huu ni kwamba tusibweteke na mali." Niliwapa alama, maana mwongozo wa kusahihisha ungewapa. Ila wimbo haujasema hivyo. Huo wito mmeutoa nyinyi, kwa sababu mmezoea mahubiri kuwa na mwisho.

Sasa maji. Mimi nayasoma kwa wepesi tu, kama mto. Huyu bwana hakuwa mvivu wala mlevi. Alikuwa anaelea. Ajira ilimchukua, ikampeleka kwenye nyumba, nyumba ikampeleka kwenye gari, yeye kazi yake ilikuwa kutozama. Linganisheni na jibu la pili la asubuhi ya leo, "tunasukuma siku". Kitu unachokisukuma kina uzito, na jioni unajua kimefika wapi. Anayeelea hana habari amepita vijiji vingapi.

Kuna wimbo mwingine wa Kimarekani unaogusa jambo hili, nautaja kwa sababu ya kosa lake. Unaitwa Little Boxes, yaani visanduku vidogo, wa Malvina Reynolds, 1962, ukavumishwa mwaka uliofuata na Pete Seeger. Reynolds alikuwa garini akipita Daly City, kusini ya San Francisco, akaona nyumba zimepangwa mlimani zinafanana, akatunga wimbo kuwahusu wanaokaa humo: kwamba wote wanasoma vilevile, wanafanya kazi vilevile, wanazaa watoto vilevile. Ni wimbo mtamu kuimba. Lakini mtungaji yuko nje ya dirisha, anasema "wao". Hakugonga mlango hata mmoja. Kati ya wale wenye visanduku kulikuwa na wafanyakazi ambao kwao ile ndiyo nyumba ya kwanza kumiliki katika ukoo mzima. Byrne angalau ameanza na "wewe", na wimbo unapochemka "wewe" inageuka "mimi" bila mtu kutangaza. Angalieni viambishi, wanangu. U- imekuwa ni-. Hapo ndipo mhubiri anapoingia mwenyewe kwenye viti vya abiria.

Nimewaahidi Afrika. Kabla ya kurekodi, bendi hii ya Talking Heads ilikuwa ikimsikiliza sana Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria. Eno alikuwa amemsikilizisha Byrne albamu ya Fela iitwayo Afrodisiac, ya mwaka 1973. Walichokichukua kwa Fela ni subira: gitaa la besi linashika kitu kidogo na halikiachii. Sikilizeni Once in a Lifetime mkiwa mmeyazibia maneno masikio. Besi ni ile ile tangu inapoanza mpaka inapofifia. Juu yake mtu analia kwamba maisha ni yale yale, na chini yake yale yale inachezeka.

Angélique Kidjo wa Benin, ambaye wengi hapa mnamjua kwa kuimba Malaika, amesimulia kwamba alipofika Paris miaka ya 1980 aliusikia wimbo huu kwenye sherehe ya wanafunzi, akasema huu ni wa Kiafrika. Wakamwambia hapana, huo ni rock. Hakukubali. Mwaka 2018 akaitoa upya albamu nzima kwa sauti yake, na kati ya wapiga ngoma aliowaita alikuwemo Tony Allen, yuleyule aliyempigia Fela. Mkipata nafasi sikilizeni matoleo mawili mfululizo. Kwa Byrne kibwagizo kinasikika kama watu wanaomwita mtu aliye ndani ya kisima. Kwa Kidjo ni watu wameshafika harusini.

Kwenye vitabu vyetu takriri, yaani kurudiarudia maneno, ni mbinu ya kusisitiza, basi, alama mbili. Nendeni ukumbini siku ya Jumamosi mkaiangalie takriri ikifanya kazi. Wimbo wa dansi unaanza taratibu, una kisa, una machozi. Halafu maneno yanakwisha, sebene inaingia, gitaa linarudia kitu kimoja mara arobaini. Mmewahi kuona mtu akitoka nje kwa sababu gitaa linajirudia? Ndiyo kwanza mama mkwe anavua viatu.

Sasa niseme langu, maana nimewasema wengine vya kutosha.

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu tayari kwa bwana huyu wa wimbo. Akisema nyumba hii si yangu, mimi nilikuwa namwambia: lete daftari. Kiwanja changu kiko Kihonda. Nilianza msingi mwaka 2009, nikahamia Septemba 2017, na kila kitu kilichoingia mle nilikiandika kwenye kaunta buku moja jeusi. Nilikuja nalo, hili hapa. "Saruji mifuko 6, mchanga tripu 1." "Fundi hakuja, eti msiba." "Nondo vipande 9." "Kozi ya tatu imeisha." "Mvua. Mvua. Mvua." "Lenta imemwagwa, namshukuru Mungu." "Neema kaumwa, hela ya mlango imekwenda hospitali." Halafu kuna ukurasa umeandikwa kwa kalamu nyekundu: "TUMEPAUA." Nilikaa chini ya yale mabati siku ile, jua linachoma kama tanuri, sikutaka kutoka.

Kwa hiyo nilikuwa nasema: Mmarekani anachukua mkopo wa nyumba wa miaka 30, anakabidhiwa funguo, anaingia jengo limekwisha. Yeye nyumba anaikuta. Sisi tunaipandisha, tofali kwa tofali, na mtu hawezi kuuliza nimefikaje hapa wakati amelipia kila hatua mkononi. Nilikuwa najiona nimeushinda wimbo. Nimewahi hata kulisema hili harusini, nikapigiwa makofi.

Mwaka jana, usiku mmoja, taarifa ya habari imekwisha, nikatoka kufunga geti kama ninavyofunga kila usiku. Kufuli nimelishika. Ufunguo umeingia. Na mkono ukakataa kuzunguka. Nilisimama pale, na nilichokuwa nakitafuta kichwani ni kitu kidogo sana: leo ni Jumanne au Jumatano? Sikujua. Nikatafuta jana nilifanya nini, nikapata shule, ubao, ugali, taarifa ya habari, geti. Juzi, hivyo hivyo. Sikuwa na huzuni, msinielewe vibaya. Ilikuwa kama kusoma ukurasa, ukageuza, ukakuta ni uleule. Mama Neema akaita kutoka ndani, "Kuna nini huko?" Nikamjibu naangalia kama mvua itanyesha.

Nilipoingia nilichukua daftari. Ukurasa wa mwisho niliouandika unasema: "Tumehamia. Siling bado." Baada ya hapo nikafunua karatasi kama tatu hivi, nyeupe zote, nikalifunga. Nikamwelewa yule bwana. Daftari langu linajua kila mfuko wa saruji mpaka siku niliyopata nilichokuwa nakitafuta, na baada ya siku hiyo halina la kusema. Nilisukuma siku kwa miaka minane, nikaziachia mlangoni, zikaanza kwenda zenyewe.

Huo ndio ulikuwa mwisho wa hotuba hii. Nilimsomea mama Neema juzi usiku, akiwa anachambua mchele. Akasikiliza yote. Kisha akauliza, "Na huyo mke mzuri, yeye anasema nini?"

Nikaupitia wimbo wote. Hasemi kitu. Anatajwa, anashangaliwa, anakanwa, basi.

Kwa kujitetea nikamwambia jambo ambalo ni la kweli, na nimeliacha mpaka sasa makusudi. Ile besi isiyobadilika inapigwa na mwanamke, Tina Weymouth. Ngoma inayoishikilia inapigwa na Chris Frantz. Wale ni mke na mume, walioana mwaka 1977, miaka mitatu kabla ya albamu ile, na mpaka leo wako pamoja. Mama Neema akaacha mchele. "Kwa hiyo," akasema, "mbele kuna kijana ambaye hajaoa analia kwamba ndoa inachosha, na nyuma yake mke na mume wanapiga kazi?"

Nikasema ndiyo, ni hivyo.

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akainuka, akalitoa kaunta buku kwenye mfuko wangu wa shule, akaligeuza juu chini, akalifungua kwa nyuma, akanipa.

Walimu wenzangu, mimi nililifunua kutoka mbele tu. Nyuma huku kurasa zimejaa. Ni mwandiko wake, mdogo, wa penseli, tangu mwezi uleule tuliohamia. Hesabu za kikoba zimo: nani kalipa hisa, nani bado anasingizia mvua. Lakini angalieni na haya mengine, nawasomea kama yalivyo. "Mtetea kaatamia mayai 11." "Neema kang'oka jino, kalitupa juu ya bati la baba yake." "Mwembe umetoa maua mara ya kwanza." "Siling ya chumbani imekamilika, fundi nimemlipa kwa hela ya kuku, Baba Neema anadhani ni mshahara." Hilo nimelijua juzi. "Jirani wa chini kahama, kaacha paka." "Baba Neema kaimba bafuni, wimbo wa Kizungu ule ule."

Na hili hapa, la mwaka jana, mstari mmoja:

"Jumanne. Baba Neema kasimama getini na kufuli muda mrefu. Nimemwita, kasema anaangalia mvua. Nyota zimejaa."